Mguu wa Gia

Daktari wa meno Leandro Sciutto hakuona sababu ya kumwondoa mgonjwa kitini ili azungumze na polisi. Alimwacha pale pale, mdomo wazi, pamba mbili shavuni, akaendelea kuchokonoa huku akijibu maswali kuhusu marehemu. Inspekta Nélida Bruera alisimama karibu na mlango kwa kuwa hakuna aliyemkaribisha. Katika kazi yake alikuwa ameshadharauliwa na majaji, maaskofu na wezi wa ng'ombe, kwa hiyo mng'oa meno wa mji mdogo wa Colonia Bertoni hakumpa homa.

"Nieleze tena, Dokta. Jumanne mchana."

"Nimeshamweleza yule sajini wako anayetafuna mbegu za alizeti."

"Yeye amesikia. Mimi bado."

Sciutto alishusha pumzi kama mtu anayeombwa sadaka mara ya pili na ombaomba yule yule. "Anselmo Giaccone alikuja bandani kwetu, kwenye klabu ya pikipiki. Nilikuwa peke yangu, naandaa pikipiki za maonyesho ya Jumapili. Alikuwa amelewa. Sikushangaa. Tukaongea mawili matatu, akapanda pikipiki yake, akaondoka. Nikasimama mlangoni kumtazama. Baadaye nasikia kaokotwa mtaroni kwenye njia ya maghala, kichwa kimepasuka. Ndiyo habari yote."

"Mzee wa miaka sabini na kitu, amelewa, na hukumzuia?"

"Mimi si yaya."

Mgonjwa alitoa sauti kutoka kooni. "Tulia, Norberto," daktari akamwambia bila kumtazama.

"Aliondokaje?" Nélida aliuliza.

"Unauliza aliondokaje? Kwa pikipiki."

"Dokta, gari la mahakama liko njiani kutoka Rosario. Linakuja kumchukua fundi Maidana, atafungwa kwa kumuua mteja wake kwa kazi mbovu, na shahidi wa mwisho kumwona marehemu hai ni wewe. Nieleze kana kwamba mimi ni mjinga."

"Hilo si gumu." Daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Alipiga kiki moja, injini ikaitika. Zile za mwanzo hazihitaji kubembelezwa. Akavuta klachi, akaingiza gia kwa mguu wa kulia, akashika njia ya maghala. Kwenye kona akaingiza ya pili. Pamoja na ulevi wake wote, mguu ule haukubabaika. Ndicho kitu pekee nilichokuwa namheshimia."

"Mguu wa kulia, unasema."

"Wewe umezaliwa wapi, Inspekta?"

"Casilda."

"Ndiyo maana." Alisema kwa huruma, kama aliyeambiwa ugonjwa. "Pikipiki ya Querandí, ile ya kweli, gia iko kulia na breki iko kushoto. Zilitengenezwa hapa, nyuma ya stesheni, na baba zetu. Halafu kiwanda kikaleta wahandisi kutoka Buenos Aires, wakatoa kizazi cha pili: gia kushoto kama za kila mtu, gia tano, injini inalia kama cherehani. Kiwanda kikafa, na kilistahili kufa. Sasa kuna watu, na hao ni wa hapa hapa, watoto wa wafanyakazi wa kiwanda, wanachukua injini ya kizazi cha pili wanaipachika kwenye fremu ya kwanza. Eti inavuta zaidi. Eti vipuri vinapatikana. Katika klabu yangu mtu wa hivyo anasimamishwa mbele ya mkutano, beji inatolewa kifuani, anarudi kwake kwa miguu."

"Umefukuza wengi?"

"Watano. Mmoja alilia."

Alilisema hilo kwa raha ya wazi, na Nélida akamdharau kuanzia hapo bila kujificha. Aliuliza swali moja la mwisho, kuhusu Maidana.

"Maidana ndiye anayezipachika," Sciutto alisema. "Yule si fundi, ni mchinjaji. Kama aliigusa pikipiki ya Anselmo, basi aliyemuua mmeshamfungia. Norberto, sukutua, uteme."

Norberto alisukutua, akatema. Nélida akaondoka bila kuaga.

* * *

Kesi dhidi ya Hortensio Maidana ilikuwa nyepesi, na kesi nyepesi ndizo zinazopendwa na majaji wenye haraka. Pikipiki ya marehemu ilikutwa mtaroni, na kishikio cha mbele cha injini kimekatika mahali palipochomelewa karibuni. Maidana alikiri kwamba alichomelea yeye. Alipoulizwa alikuwa anachomelea nini, na kwa nini, alijibu kwamba hilo haliwahusu polisi. Akaulizwa tena, akawaambia waende wakakamate kuku. Hakimu wa Rosario alisomewa majibu hayo kwa simu, akasema aletwe.

Kituoni, Sajini Machuca alikuwa kaunta, ganda la mbegu limeganda mdomoni. Mbele yake alisimama mwanamke mfupi mwenye koti jeusi, mkoba ameushika kwa mikono miwili. Alikuwa Doña Elvecia, mjane wa Giaccone.

"Namwambia mabuti ni kielelezo," Machuca alimlalamikia Nélida, "hasikii."

"Kielelezo cha nini?" mjane alisema. "Cha uongo wake? Nipeni mabuti ya mume wangu. Nataka kuyatia motoni."

"Kuyatia motoni, mama?" Nélida aliuliza.

"Miaka kumi na moja ananiambia hanywi tena. Miaka kumi na moja mimi natamba sokoni, mume wangu kaacha. Leo mji mzima unajua kafa na chupa tumboni, dokta kamwona kwa macho yake. Na pikipiki aliniambia amempa Maidana aiuze. Kumbe bado anaipanda! Kesho namzika na ndara za plastiki. Mwongo atembee na ndara huko aendako."

"Kwa nini alitaka kuiuza?"

"Si mguu wake! Kifundo cha kulia kilimganda tangu mwanzo wa mwaka, hakikunjiki. Ngazi anashuka kama mtoto, mguu mmoja, halafu mwingine unaufuata pale pale. Kuingiza gia hawezi, na Querandí bila mguu wa kulia ni chuma cha kutundikia nguo. Nilifurahi, nakwambia. Nikasema Mungu ameingilia kati."

Nélida alinyoosha mkono chini ya kaunta, akautoa mfuko wa karatasi, akayapanga mabuti mezani. Katika Colonia Bertoni, mwenye Querandí hujulikana kwa kiatu. Nyenzo ya gia huinuliwa kwa mgongo wa vidole, kwa hiyo ngozi ya mbele ya buti la kulia huchubuka, na mafundi viatu wa mji ule hushona kiraka hapo hata kabla hawajaombwa. La Don Anselmo lilikuwa na kiraka juu ya kiraka, limepakwa rangi mpaka likang'aa. Jeraha la zamani, halijaguswa siku nyingi.

Akaligeuza la kushoto. Mbele, juu ya kidole gumba, ngozi ilikuwa imechubuka. Mchubuko ulikuwa mpya, ngozi ya ndani bado nyeupe, na katikati yake kulikuwa na mstari mweusi. Nélida aliukwangua kwa ukucha. Ulikuwa wa mpira.

"Hili la kushoto limechubuliwa lini, mama?"

Doña Elvecia aliinama, akatazama kwa jicho la mtu aliyeyapaka rangi mabuti yale kwa miaka. "Sikukuu ya San Pedro, wiki chache tu nyuma, lilikuwa zima. Nililipaka mwenyewe." Kisha akanuna. "Amejikwaa huko ulevini."

"Mlevi anajikwaa mara moja au mbili. Huu umechubuliwa pale pale mara nyingi." Nélida alilinusa koti la marehemu lililokuwa ndani ya mfuko ule ule. Kola ilinuka grapa, ile pombe kali ya zabibu, na mgongo pia, hadi kiunoni. Kifuani hapakuwa na kitu. "Mama, kaa hapo kidogo. Sajini, mpe chai ya mate. Halafu unifuate uani."

"Maji yamepoa, Afande."

"Basi yachemshe, ujifanye una kazi."

* * *

Pikipiki ilikuwa imeegemezwa ukutani, ubavu wa kushoto umeelekea matofali, vile vile ilivyoshushwa siku ya Jumanne. Upande uliokuwa wazi ulionyesha kila kitu ambacho mtu wa Bertoni angetarajia kukiona: tangi la rangi ya damu ya ng'ombe, kifuniko cha injini cha zamani chenye nembo ya kichwa cha mkuki, kanyagio moja chini. Polisi watatu walikuwa wameipitia na kuandika ripoti. Hakuna hata mmoja aliyejisumbua kuigeuza.

"Shika huko," Nélida alimwambia Machuca. Waliivuta. Ilitembea kwa urahisi, magurudumu yanazunguka bila kizuizi.

"Sajini, ulipoitoa mtaroni uligusa gia?"

"Afande, mimi ni mtu wa farasi. Gia yenyewe sijui iko wapi."

"Uliisukumaje mpaka garini?"

"Kama hivi. Ilikuja yenyewe, haina shida."

"Haina shida. Mtu anakimbia, anatumbukia mtaroni, anavunjika kichwa, na pikipiki inakutwa gia iko huru, tayari kusukumwa. Hilo halikukusumbua?"

Machuca alifikiri. "Labda aliitoa gia kabla hajafa. Kwa heshima."

Nélida alimtazama kwa muda ambao ungemtosha mtu mwingine kuona aibu. Kisha akachutama upande wa kushoto. Pale chini, mahali panapostahili kuwa na kanyagio la breki, ilikuwapo nyenzo nyembamba ya gia, ncha yake imevikwa mpira mweusi. Mpira ulikuwa mpya. Akazunguka kulia. Kanyagio ambalo kila mtu alilidhania ni gia lilikuwa la breki. Ufito wake ulikuwa mpya, na skrubu za kile kifuniko cha zamani zilikuwa na vichwa vinavyong'aa.

"Mlete Maidana," alisema. "Na bisibisi."

Fundi alikuja bila mkanda, anashikilia suruali kwa mkono mmoja. Alikuwa mtu mnene mwenye nywele za kupaka mafuta, na siku mbili za mahabusu hazikumpunguzia majivuno hata chembe. Aliitazama pikipiki iliyogeuzwa, akamtazama Nélida.

"Siku mbili," alisema. "Siku mbili kuona kilichoko upande wa pili wa pikipiki. Ingekuwa gari moshi mngechukua mwaka."

"Fungua kifuniko."

"Kwa mkono gani? Huu wa suruali?"

"Sajini, mshikie suruali."

Machuca alimshikia, uso umemvimba. Maidana alilegeza skrubu moja moja bila haraka, akakibandua kifuniko cha zamani, na chini yake kukatokea kingine, laini, chenye mbavu nyembamba na namba za kizazi cha pili.

"Kile cha zamani nimekikwangua kwa ndani mpaka kikawa kama ganda la yai," alisema. "Kimekaa juu ya kipya kama kofia. Vishikio vya fremu nimevikata nikavipanua upana wa kidole. Sproketi nimeisogeza nje ili cheni inyooke. Breki nimeihamishia kulia. Mzee wa kiwanda chenyewe angepita asione. Mtaje mwingine wa mkoa huu anayeweza."

"Don Anselmo alitaka nini?"

"Alitaka kupanda. Mguu wa kulia umekufa, wa kushoto mzima. Breki inakanyagwa tu, hata mguu wa mbao unakanyaga. Gia ndiyo inataka kifundo. Injini mpya gia iko kushoto. Sasa hapo kuna nini cha kuandikia hakimu? Akafanya mazoezi nyuma ya kwangu kila mchana mji ukiwa umelala. Akichoka, anatembea nayo imezimwa mpaka kona, asisikike. Mtu aliyeshinda mbio za pikipiki za mji wa Rafaela, anajificha kama mwizi wa kuku kwa sababu ya mng'oa meno."

"Kwa nini hukusema? Ulikuwa unakwenda jela."

"Nilimwahidi. Akizikwa ningesema. Wangemzika na beji yake." Alifuta mikono kwenye suruali, na Machuca akaikamata upya. "Na mimi nikianza kutoa siri za wateja, nusu ya klabu ile itatembea kwa miguu. Halafu sikiliza, ule uchomeleaji wangu. Umeukodolea macho?"

"Umekatika."

"Umekatika kwa chini, kuelekea pembeni. Injini ikitembea inavuta mbele na nyuma. Hiyo imedondoshwa. Mmeniweka ndani kwa sababu kuna mtu hajui kushusha pikipiki kwenye trela."

"Nani ana trela ya pikipiki mjini hapa?"

"Mwenye pikipiki ambayo haitakiwi kuchafuka."

Nélida alisubiri. Maidana alijaribu kunyamaza, lakini sifa zilimwasha.

"Muulize dokta wako yake ina gia ngapi," alisema. "Querandí ya kwanza ina nne. Jumapili iliyopita Don Anselmo alikuwa amekaa njia ya maghala, dokta akapita na ile yake ya kupewa vikombe vya maonyesho. Moja, mbili, tatu, nne. Halafu ya tano. Mzee alikuja kwangu akacheka mpaka akakaa chini. Dokta naye kapachika! Kaipeleka Rosario kwa siri, kampa mtu ovyo ovyo, wakapitisha fito chini ya injini ili gia ibaki kulia. Kazi ya hovyo. Ningekuwa mimi usingeisikia."

"Na Don Anselmo akafanya nini?"

"Akasema Jumanne atakwenda kumwona. Watafungua vifuniko wote wawili Jumapili mbele ya watu, mambo yaishe. Nikamwambia asiende. Akaniambia, 'Hortensio, ni mtu wa shule, atacheka na yeye.'" Maidana alitema mate pembeni. "Atacheka."

"Rudisha kifuniko," Nélida alisema. "Skrubu zote. Halafu rudi ndani, nyamaza kama ulivyokuwa umenyamaza. Hicho ndicho kitu pekee ulichofanya vizuri wiki hii."

"Na uchomeleaji."

"Na uchomeleaji."

* * *

Sciutto aliitwa kwa simu, na aliambiwa ukweli mtupu: polisi wanaitoa pikipiki ya marehemu, rais wa klabu aje kuitambua. Alifika na koti la ngamia na glavu za ngozi, akakataa kiti cha kituo baada ya kukikagua. Pikipiki ilikuwa uani chini ya turubai. Kando ya lango, gari la mahakama lilikuwa limeshaegeshwa, na dereva wake alikuwa anakula empanada, sambusa ya kwao, akisubiri mfungwa.

"Kabla hujatambua," Nélida alisema, "sajini ataandika maelezo yako, usaini. Yale ya asubuhi."

"Mara ya nne."

"Ya mwisho."

Sciutto aliyasema yote tena, akimwamuru Machuca mahali pa kuweka koma. Kiki moja. Klachi. Gia.

"Mguu wa kulia," Nélida alisema. "Una uhakika? Mwendesha mashtaka ni mtu wa Buenos Aires, hajui mambo haya."

"Mwandikie kwa herufi kubwa kama hajui. Wa kulia. Niliuona ukiinuka. Nimeutazama mguu ule tangu nikiwa na kaptula, naujua kuliko wangu."

"Saini hapo."

Alisaini kwa mbwembwe. Nélida aliushika ukingo wa turubai, akauvuta mara moja. Mara hii pikipiki ilikuwa imegeuzwa, ubavu wa kushoto umeelekea kwao.

Daktari alianza kutabasamu kwa kuliona tangi. Kisha macho yakashuka. Alisogea, akainama, akaipiga ile nyenzo ya gia kwa kidole chenye glavu kama anayegusa kitu kilichooza. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na haikuwa hofu. Mtu yule alikuwa amechukia.

"Nani ameifanyia hivi? Mmeiacha na yule mchinjaji humu ndani?"

"Haijatoka uani tangu Jumanne. Ni injini ya kizazi cha pili. Don Anselmo aliiomba mwenyewe, ana wiki kadhaa anaipanda."

"Anselmo? Kupanda takataka hii?" Sauti ilimpanda. "Usinifanye mtoto. Anselmo asingeweza. Ningejua! Asingethubutu kusimama mbele yangu na kunifundisha habari za kufungua vifuniko wakati na yeye..."

Akarudi nyuma hatua moja. Machuca, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, aliacha kutafuna bila kuambiwa.

"Endelea," Nélida alisema. "Kufungua vifuniko."

"Sina la kuongeza."

"Mimi ninalo. Breki ndiyo iko kulia. Mguu wake wa kulia haukunjiki tangu mwanzo wa mwaka. Nieleze tena aliingiza gia kwa mguu gani."

"Nilikuwa mbali. Huenda nimekosea mguu."

"Dokta, watu watano umewafukuza kwa sababu ya mguu. Wewe hukosei mguu. Hukumwona akiondoka, kwa sababu hakuondoka. Alipasuka kichwa bandani kwako, ukamlaza kwenye trela na pikipiki yake, ukammwagia grapa mgongoni, ukawatupa wote wawili mtaroni gia ikiwa huru. Ukaisukuma kwa mikono yako mwenyewe na hukuitazama, maana ulijiona unaijua tayari. Askari wangu wawili wako kwako sasa hivi. Mmoja anaitazama trela. Mwingine nimemwambia aiwashe pikipiki yako ya vikombe, ahesabu gia."

Lile la trela lilimpita. Lile la pili ndilo lililomwingia. Alivua glavu moja, akaivaa tena.

"Mwambie asiiwashe," alisema. "Watasikia majirani."

"Watasikia."

"Alinicheka." Alisema polepole, kama bado anashangaa. "Ndani ya banda langu. Mtu wa kiwandani, hana hata meno yake mwenyewe, nimemtengenezea mimi, ananiwekea mkono begani anacheka. 'Leandro, sote tuna ya tano.' Sote! Nilidhani ni dhihaka tu. Nilimsukuma tu aondoe mkono. Jiliwa la kubania vyuma mezani lilikuwa nyuma yake."

"Angeweza kuwa hai kama ungemwita daktari."

"Mimi ni daktari."

"Wa meno," Nélida alisema.

Dereva wa mahakama alikuwa amemaliza empanada, akaja anafuta vidole. "Afande, niondoke na yupi? Karatasi inasema mnene, nywele za mafuta."

"Mnene anakwenda kwake. Chukua huyu wa glavu. Kuhusu karatasi nitapiga simu."

Maidana alipofunguliwa alidai mkanda, kamba za viatu na kuombwa radhi. Alipewa mkanda na kamba za viatu.

Doña Elvecia alikuwa bado kaunta, kibuyu cha chai ya mate kimepoa mkononi. Nélida alimweleza yote akiwa amesimama, bila kupamba: mguu, injini, mazoezi ya mchana wakati yeye amelala, banda, grapa iliyomwagwa.

"Hakunywa?"

"Ilikuwa mgongoni, mama. Mtu hanywi kwa mgongo."

Mjane alikiweka kibuyu kaunta. Kisha alisema, "Mjinga. Angeniambia, ningemshikia pikipiki." Akafungua mkoba wake, akatoa kopo la rangi nyeusi na kitambaa, vitu ambavyo mtu hachukui akienda kuchoma mabuti. Alilipaka la kulia, kiraka kwa kiraka, mpaka likang'aa. Akalifunika kopo.

Machuca alimsogezea la kushoto. "Na hili, mama?"

"Hili liache hivyo hivyo." Aliyachukua yote mawili kwapani. "Kesho klabu nzima wanakuja kumbeba, na beji zao vifuani. Mabuti yatakaa juu ya jeneza. La kushoto litakaa mbele."